Ndani ya Karela Mna Nini? Triterpeni, Charantini na Madai ya Kutibu Kisukari

Katika makundi ya simu, kwenye vibanda vya dawa za asili na kwenye makopo ya vidonge vinavyoagizwa kutoka nje, karela inatajwa kila siku kuwa tiba ya kisukari, na madai hayo sasa huja yamevikwa maneno ya maabara: ina charantini, ina triterpeni, ina insulini ya mimea. Maneno hayo hayakutungwa na wauzaji. Viambata vinavyotajwa vipo kweli, vimechunguzwa kwa zaidi ya miaka sitini, na baadhi yake hufanya kazi inayoweza kupimwa katika seli na katika wanyama wa maabara. Kinachopotosha ni jinsi msomaji anavyovushwa kwa sentensi moja kutoka kwenye habari kwamba kiambata kimepatikana hadi kwenye ahadi kwamba ugonjwa utapona, ilhali kati ya mambo hayo mawili kuna maswali kadhaa ambayo kila moja linaweza kuiangusha ahadi hiyo. Ni kiambata gani hasa? Kinafika kwenye damu? Kwa kiasi gani? Na wagonjwa waliopewa walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa?

Tuanze na tunda lenyewe. Karela ni tunda la mmea utambaao ambao wataalamu wa mimea huuita Momordica charantia, wa familia moja na tango, boga, tikiti, mumunye na dodoki. Huchumwa likiwa bichi, la kijani na lenye matuta na vijipele mwili mzima. Likiachwa liive hugeuka rangi ya chungwa, hupasuka lenyewe na kuonyesha mbegu zilizofunikwa kwa nyama nyekundu ambayo, tofauti na ganda lake, ni tamu. Jina lake na mapishi yake mengi katika miji ya pwani yetu yametoka Bara Hindi, na nchini Kenya wapo wakulima wanaoilima pamoja na dudhi na bamia kwa ajili ya soko la Ulaya. Nchini Uganda jamaa yake wa porini, Momordica foetida, ambaye Waganda humwita bbombo, ametumika katika mila na tiba tangu zamani.

Uchungu wa karela hautokani na kitu kimoja. Unatokana na kundi zima la kemikali ambazo mmea huzitengeneza kwa ajili ya kujilinda, kwa maana mdudu anayetaka kula majani au kutaga mayai juu yake hukutana na ladha inayomfukuza. Kemikali hizo zimo katika kundi linaloitwa triterpeni, na hapo ndipo maelezo mengi ya mitandaoni yanapoanza kuchanganya mambo.

Terpeni ni kemikali ambazo viumbe hai huziunda kwa kuunganisha vipande vidogo vyenye atomi tano za kaboni kila kimoja. Vipande viwili vikiungana hupatikana mafuta mepesi yenye harufu, kama yaliyomo katika mchaichai na ganda la limau. Vitatu vikiungana hupatikana molekuli kubwa kidogo, na miongoni mwa hizo ni artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea wa artemisia. Vikiungana sita hupatikana molekuli yenye msingi wa atomi 30 za kaboni, nayo ndiyo triterpeni.

Fundi ujenzi ataelewa upesi jambo linalofuata. Kipande kile cha kaboni tano ni tofali, na triterpeni ni boma lililosimamishwa kwa matofali sita. Mtu anayepita barabarani na kuliona boma hawezi kusema kwa hakika kama litakuwa nyumba ya kuishi, duka, zahanati au ghala la mbolea, kwa sababu matumizi yake yataamuliwa na mahali milango itakapokatwa, vyumba vitakavyogawanywa na vitu vitakavyoingizwa ndani. Ndivyo ilivyo kwa triterpeni: kusema kwamba tunda fulani "lina triterpeni" ni kusema kwamba ndani yake kuna maboma, bila kueleza hata moja linatumika kwa kazi gani.

Mifano iko karibu nasi. Ubani unaofukizwa majumbani, unaochumwa Somalia na Oman, una tindikali za triterpeni ndani ya utomvu wake. Azadiraktini ya mwarobaini, ambayo huwavuruga wadudu wasile wala wasikue, hutengenezwa na mti kwa kuanza na triterpeni na kuipunguza baadhi ya kaboni zake. Hata mwili wa binadamu unashiriki katika ujenzi huu, kwa kuwa ini letu hutengeneza skwaleni, molekuli ya kaboni 30 ambayo mkemia wa Kijapani Mitsumaru Tsujimoto aliipata katika mafuta ya ini la papa mwaka 1906, kisha huikunja na kuichonga hadi iwe kolesteroli, na kutoka kwenye njia hiyo hiyo hutoka vitamini D na homoni za uzazi.

Mimea ya familia ya matango ina namna yake ya kuikunja skwaleni, na boma linalotokana na mkunjo huo huitwa kukabitani. Kutoka kwenye boma hilo tango la porini hujenga kukabitasini, ambazo ni chungu na zenye sumu. Karela hujenga momodikosidi, momodisini na karavilosidi, ambazo ni chungu lakini watu wamezila kwa vizazi vingi. Na tunda moja la kusini mwa China liitwalo luo han guo, ambalo nalo ni la familia hii, huanza na boma lile lile la kukabitani, hulitundika molekuli tano za glukosi, na kupata mogrosidi, kitu kitamu mara 250 hivi kuliko sukari ya mezani, kinachouzwa leo kama kiongeza utamu kwa watu wanaokwepa sukari. Boma moja limezaa sumu, mboga chungu na utamu wa kupindukia. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kiambata fulani ni dawa kwa kuwa ni triterpeni, hajakuambia chochote bado.

Charantini ni nini basi?

Hili ndilo jina linalotokea zaidi kwenye makopo, na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Katika miaka ya 1960 watafiti wa India walitenga kutoka kwenye karela unga mweupe usio na ladha, wakauita charantini, na walipowapa sungura waliona sukari ya damu ikishuka. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba unga huo ni mchanganyiko wa vitu viwili vinavyokaribiana kwa kiasi, na kila kimoja ni steroli ya mimea iliyofungwa na molekuli moja ya glukosi. Steroli ni jamaa wa triterpeni, kwa kuwa hutokana nazo baada ya kupunguzwa baadhi ya kaboni, lakini kwa mkemia makini charantini haimo katika kundi lile la kukabitani linaloipa karela uchungu wake. Yaani kitu kinachotangazwa zaidi hakihusiki na ladha ambayo watu wengi wanaichukulia kuwa ndiyo ushahidi wa dawa.

Kuna jambo lingine ambalo naliona zito zaidi. Nusu moja ya charantini ni glukosidi ya sitosteroli, na sitosteroli ni steroli ya kawaida kabisa katika mimea. Imo katika karanga, maharage na mafuta ya kupikia. Kama ingekuwa peke yake inatosha kushusha sukari ya mgonjwa, basi sahani ya maharage ingekuwa na sifa ile ile ambayo karela inapewa. Ndiyo maana watafiti wengi waliacha kuitegemea charantini kama maelezo ya pekee na wakazigeukia triterpeni za kukabitani zenyewe.

Kazi yenye uzito katika upande huo ilichapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Shanghai kwa kushirikiana na wenzao wa Taasisi ya Garvan ya Sydney, Australia. Walitenga triterpeni kadhaa za karela, zikiwemo momodikosidi ambazo hazikuwa zimeelezwa kabla, wakazijaribu kwenye seli za misuli na za mafuta zilizooteshwa maabara. Ili kuelewa walichokiona inafaa kukumbuka jinsi glukosi inavyoingia katika seli. Ndani ya seli ya msuli kuna vibebeo vya glukosi vinavyokaa vimehifadhiwa. Insulini ikifika, vibebeo hivyo husogea hadi kwenye utando wa nje na kuanza kuingiza glukosi kutoka kwenye damu. Katika kisukari cha aina ya pili amri hiyo ya insulini husikika hafifu. Lakini ipo njia nyingine ya kuvisogeza, inayopitia kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho kazi yake ni kufuatilia kiasi cha nishati kilichomo katika seli na kuchukua hatua kinapopungua. Mazoezi ya mwili hukiamsha. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaimeza asubuhi na jioni, nayo hukiamsha. Watafiti wale waliona kwamba baadhi ya triterpeni za karela hufanya hivyo pia, vibebeo vikasogea, na panya waliopewa viambata hivyo wakaweza kuondoa glukosi katika damu haraka zaidi baada ya kulishwa sukari.

Huo ni utafiti mzuri, na mtu anayesema kwamba karela ni imani tupu amekosea. Njia ya kikemia ipo na inaeleweka. Lakini tuangalie kwa makini kilichopimwa: viambata vilivyosafishwa, kimoja kimoja, kwa kiasi kilichopangwa, katika seli na katika panya.

Kutoka maabara hadi kwenye kikombe cha juisi

Mtu anaposaga karela nyumbani na kunywa, mambo matatu hubadilika kwa pamoja. Kwanza kiasi hakijulikani. Viambata hivi hutofautiana kwa aina ya mbegu, udongo, umri wa tunda lilipochumwa na namna lilivyokaushwa, kiasi kwamba karela mbili zilizonunuliwa kwenye genge moja zinaweza kuwa na viwango tofauti sana. Anayemeza kidonge cha metformini cha miligramu 500 anajua alichomeza. Anayekunywa juisi hajui, na kesho atakunywa kitu kingine.

Pili, molekuli hizi ni kubwa, na nyingi zimebeba sukari zinazozifanya zipenye kuta za utumbo kwa shida. Bakteria wa utumbo hukata baadhi ya sukari hizo, utumbo hufyonza sehemu, na kilichofyonzwa hupitia kwenye ini ambalo hukibadilisha tena kabla hakijafika kwenye misuli. Kinachoifikia seli ya msuli wa mtu kinaweza kuwa kidogo sana, au kikawa umbo lingine kabisa la kile kilichowekwa juu ya seli za maabara.

Tatu, ndani ya karela kuna protini ambazo nazo zimetajwa kuwa chanzo cha nguvu zake, na hapa ndipo lilipoanzia neno "insulini ya mimea". Mwaka 1981 watafiti wa India waliripoti protini ndogo kutoka kwenye karela, wakaiita polipeptidi-p, iliyoshusha sukari ilipodungwa chini ya ngozi. Kudungwa ndilo neno la kushikwa. Protini ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama au maharage, na hiyo hiyo ndiyo sababu insulini ya hospitali hudungwa na hainywewi. Kopo la vidonge vya kumeza linaloahidi "insulini ya mimea" limechukua habari ya sindano na kuibandika kwenye kidonge.

Sasa tufike kwa binadamu, maana hapo ndipo swali linapoamuliwa. Nchini Ufilipino, ambako karela huitwa ampalaya na hupendwa sana, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa wagonjwa 40 wa kisukari cha aina ya pili, wengine wakapewa vidonge vya karela na wengine vidonge visivyo na dawa, bila wao kujua nani kapewa nini. Kilichopimwa kilikuwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ambacho hakidanganywi na mlo wa jana. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa asilimia 0.22 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakiwezi kutenganishwa na bahati. Nchini Thailand utafiti wa mwaka 2011 uliilinganisha karela iliyokaushwa na metformini kwa majuma manne. Waliopewa miligramu 2,000 za karela kwa siku walipata kushuka kwa fruktosamini, kipimo cha wastani wa muda mfupi zaidi, lakini kushuka huko kulikuwa kudogo kuliko kwa waliopewa miligramu 1,000 za metformini. Na waliopewa karela kwa kiasi cha chini hawakuonyesha mabadiliko ya maana.

Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yaliyatazama majaribio manne yenye washiriki 479 na kuhitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza karela kwa kisukari cha aina ya pili. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayopishana, na nyingi zimekuwa ndogo na za muda mfupi. Nikiyapima yote hayo pamoja, naona kuna dalili ya nguvu ndogo, isiyo imara, ambayo haijafika popote karibu na dawa zilizopo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa haki: mbona basi shangazi yangu alikunywa karela na sukari yake ikashuka? Huenda ilishuka kweli. Lakini mtu anapoamua kuanza karela, mara nyingi huamua na mengine siku hiyo hiyo: anaacha soda, anapunguza ugali, anatembea jioni, anakumbuka kumeza vidonge vyake kwa wakati, na anaanza kupima sukari mara kwa mara. Zaidi ya hayo, watu huanza tiba mpya siku ambazo sukari imepanda mno, na sukari iliyopanda mno mara nyingi ingeshuka kidogo hata bila kitu kipya. Ndiyo maana majaribio huwa na kundi la kulinganisha. Bila kundi hilo, ushuhuda wa kweli wa mtu mwaminifu hauwezi kutuambia ni kipi kati ya mambo yote hayo kilichofanya kazi.

Imani zinazohitaji kuangaliwa upya

Iliyoenea kuliko zote katika jamii zetu ni kwamba kitu kichungu hupunguza sukari, kana kwamba uchungu na utamu hukutana ndani ya damu na kufutana. Kwa imani hii wagonjwa hunywa mwarobaini, shubiri na karela kwa zamu. Uchungu ni ujumbe unaotolewa na vipokezi vya ulimi vinapoguswa na molekuli zenye maumbo fulani. Glukosi ya damu hudhibitiwa na kongosho, ini na misuli. Kwinini, dawa ya zamani ya malaria, ni chungu mno, na inaweza kushusha sukari hadi hatari, lakini si kwa uchungu wake bali kwa sababu hulichochea kongosho kutoa insulini. Metformini nayo ni chungu ikitafunwa, lakini nguvu yake haitokani na ladha, na ndiyo sababu kuivika ganda la kidonge hakuipunguzii kitu. Na kama tulivyoona, charantini, ambayo ndiyo inayotangazwa zaidi, haina ladha.

Nyingine ni kwamba kitu cha asili hakina madhara. Familia hii hii ya mimea inaonyesha vinginevyo kwa uwazi wa kutisha. Mumunye kwa kawaida si chungu. Likiwa chungu, maana yake limejaa kukabitasini. Nchini India watu waliokunywa juisi ya mumunye chungu kwa kuamini kwamba ni afya walitapika damu, wakashuka shinikizo, na wengine wakafariki, hata Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaunda kamati ya kulichunguza jambo hilo, ambayo ilionya kwamba juisi ya mumunye chungu isinywewe kabisa. Mwaka 2015 mzee wa miaka 79 katika mji wa Heidenheim, Ujerumani, alifariki baada ya kula mboga ya zukini iliyolimwa nyumbani na iliyokuwa chungu. Uchungu wa karela ni wa kemikali nyingine na haubebi hatari hiyo kwa kiwango hicho, lakini kanuni ya jikoni ibaki wazi: tango, boga au mumunye likiwa chungu kuliko kawaida, litemwe na sufuria imwagwe.

Kuhusu saratani, ujumbe unaozunguka kwenye simu hudai kwamba karela katika maji ya moto huua seli za saratani na kuziacha zile nzima. Chanzo chake cha mbali ni tafiti za kweli, mojawapo ikiwa ya mwaka 2010 kutoka Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, ambako timu ya Ratna Ray ilionyesha kwamba dondoo ya karela huzuia ukuaji wa seli za saratani ya matiti katika vyombo vya maabara. Katika chombo cha maabara seli za saratani hufa kwa vitu vingi, ikiwemo siki na chumvi nyingi, kwa kuwa seli hizo hazina mwili wa kuzikinga wala damu ya kuzimua kile kinachomwagwa juu yake. Utafiti wa namna hiyo ni mahali pa kuanzia. Mgonjwa wa saratani anayeahirisha matibabu akisubiri maji ya karela anaupa uvimbe muda, na huo ndio muda ambao daktari angeutumia.

Wapo pia wanaosema kwamba wanasayansi wanaidharau mimea yetu. Historia ya metformini inajibu hoja hiyo vizuri kuliko mabishano. Mmea uitwao Galega officinalis ulitumika Ulaya kwa karne nyingi kama dawa ya kienyeji. Ndani yake ilipatikana galegini, iliyoshusha sukari lakini ikawa na sumu nyingi mno kwa wagonjwa. Wakemia wakatengeneza molekuli zinazofanana nayo, metformini ikaundwa mwaka 1922, daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957, na Marekani haikuiidhinisha hadi mwishoni mwa mwaka 1994. Mmea ulitoa wazo, lakini anayekula galega leo hapati metformini. Anapata galegini pamoja na sumu yake. Momodikosidi za karela ziko mwanzoni mwa barabara hiyo hiyo, na inawezekana kabisa kwamba siku moja mojawapo, ikiwa imerekebishwa umbo ili ifyonzwe vizuri, itakuwa dawa. Hilo likitokea itakuwa na jina, kipimo, orodha ya madhara na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Anayetaka kuila

Karela ikipikwa na vitunguu, nyanya na viungo, au ikikatwa vipande vyembamba, ikapakwa chumvi, ikakamuliwa maji na kukaangwa, ni mboga nzuri yenye vitamini C na nyuzinyuzi, na kwa mtu mwenye kisukari ni bora mara nyingi kuliko viazi vya kukaanga. Hakuna sababu ya kumkataza kuila. Tahadhari inahusu juisi nzito, unga, vidonge na chai zinazonywewa kama dawa.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini yake hata kwa siku moja kwa ajili ya karela, kwa maana mwili wake hautengenezi insulini, na ndani ya siku chache tindikali za ketoni hujaa katika damu na kumpeleka katika hali ya kupoteza fahamu. Mwenye kisukari cha aina ya pili anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi amweleze daktari au mfamasia kabla ya kuongeza karela kwa wingi, kwa sababu nguvu mbili zinazoshusha sukari zikijumlishwa zinaweza kuishusha kupita kiasi. Mwanamke mjamzito aepuke mbegu na dondoo zake, kwani protini zilizotengwa kutoka kwenye mbegu zimesababisha mimba za panya kuharibika. Mbegu hizo zina pia visini, kemikali ile ile ya maharage ya ful inayoweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo, na wengi walio nayo hawajui.

Watoto wasinyweshwe chai ya majani wala juisi yake. Zipo ripoti za kitabibu za watoto wawili wadogo waliopata degedege na kupoteza fahamu baada ya kunyweshwa chai ya mmea huu, kwa sababu sukari ya damu yao ilishuka ghafla. Kwa mtoto au mtu mzima, dalili za kushuka huko ni zile zile: jasho la ghafla, mikono kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na usingizi usio wa kawaida. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja kitu chenye sukari, kama maji yaliyokorogwa sukari au soda ya kawaida, kisha apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa au kopo la kile alichokunywa. Akiwa hajitambui, asinyweshwe chochote mdomoni, na safari ya kituo cha afya ianze hapo hapo.